Jiige Mwenyewe: Video ya dakika mbili na mazoea yaliyokushinda

Mwaka 1970 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Thomas Creer na Donald Miklich, walichapisha taarifa fupi kuhusu mvulana wa miaka 10 aliyekuwa akitibiwa pumu katika kituo cha watoto mjini Denver. Pumu ilikuwa na dawa zake. Kilichowasumbua walezi ni mwenendo, kwani mtoto yule alishindwa kukaa vizuri na wenzake, na mbele ya wakubwa alijiendesha kama mdogo kuliko umri wake. Wataalamu wakamfanyisha maigizo. Ukiingia mahali penye wenzako, ingia hivi. Mtu mzima akikusemesha, jibu hivi. Akaigiza vizuri, igizo likaisha, akarudi kuwa yule yule.

Kisha wakaongeza jambo moja. Waliyanasa maigizo yale kwenye mkanda wa video, wakamketisha mtoto mbele ya televisheni ajitazame akitenda mema. Hapo mwenendo ukaanza kugeuka. Hakuongezewa mawaidha wala adhabu. Alipewa nafasi ya kujiona yeye, kwa sura yake na sauti yake, akiwa mtoto ambaye kila mtu alitamani awe.

Taarifa ile huhesabiwa kuwa mwanzo wa mbinu ambayo humu nitaiita kujiiga. Mtu anatazama video fupi inayomwonyesha akitenda lile analotaka liwe tabia yake, anaitazama tena na tena kwa siku kadhaa, kisha anafuata alichokiona. Enzi hizo kinasa video kilikuwa mashine nzito, na walioweza kukinunua ni taasisi zenye fedha. Leo kijana anayeuza maji ya chupa kituo cha mabasi ana kamera nzuri kuliko ile ya Denver, tena iko mfukoni pamoja na programu ya kukata na kuunga vipande. Kifaa tunacho. Tumekitumia kurekodi harusi, ngoma na ugomvi wa mtaani, na mara chache sana tumekitumia kujirekebisha. Hilo linanisikitisha, kwa sababu nawajua watu wengi waliokata tamaa na nafsi zao kwa jambo dogo ambalo wangeweza kulivuka.

Aliyeifanyia mbinu hii kazi kubwa zaidi ni Peter Dowrick, msomi wa New Zealand aliyeanzia Auckland katika miaka ya 1970, baadaye akafanya kazi Alaska na Hawaii. Dowrick alipambanua namna mbili za kujiiga. Ya kwanza ni ya mtu ambaye lile jambo analiweza, ila hulifanya kwa nadra. Unasubiri siku alifanye vizuri, unarekodi, unaondoa makosa, unabakiza kilicho bora. Ya pili ina maajabu zaidi. Ni ya mtu ambaye jambo zima hajawahi kulifanya, lakini vipande vyake anavyo. Anaweza hatua ya kwanza akiwa nyumbani, ya pili akisaidiwa, ya tatu akiwa peke yake. Mhariri anaviunga vipande hivyo, na mtu anajiona akifanya kitu ambacho bado hakijatokea. Mwaka 1980 Dowrick na mwenzake Dove waliandika kuhusu watoto 3 waliozaliwa na mgongo wazi, waliokuwa wakijifunza kuogelea. Watoto hao walionyeshwa video zilizohaririwa, zikiwaonyesha wakifanya vizuri majini, na baada ya kuzitazama uwezo wao ukapanda.

Mtoto asiyesema darasani

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa watoto wanaonyamaza shuleni. Walimu wa madarasa ya awali wanawafahamu. Nyumbani mtoto anazungumza, anagombana na dada zake, anaimba bafuni. Akivuka geti la shule, mdomo unafungwa, na anaweza kumaliza mwaka mzima bila kumjibu mwalimu hata neno. Wengi humwita mkaidi au bubu. Yeye si mkaidi wala bubu. Ameshikwa na hofu ambayo wataalamu wanaitambua kama tatizo halisi la kiafya, na viboko huikaza zaidi.

Wanasaikolojia wa shule nchini Marekani, akiwamo Thomas Kehle na wenzake waliochapisha kazi yao mwaka 1990, waliwasaidia watoto wa aina hii kwa namna ambayo fundi yeyote wa video za harusi angeielewa mara moja. Kwanza wanarekodi darasa kama lilivyo. Mwalimu anauliza swali, anamtazama mtoto, mtoto yuko kimya. Kisha, wanafunzi wengine wakiwa hawapo, mama wa mtoto anaketi darasani humo na kuuliza maswali yale yale. Kwa mama yake mtoto anajibu bila shida. Baadaye mhariri anaondoa swali la mama na mahali pake anaweka la mwalimu. Mkanda ukiisha kuungwa, mwalimu anauliza mbele ya darasa na mtoto anajibu kwa sauti yake, waziwazi, kama watoto wengine.

Mtoto anauangalia mkanda huo mara kadhaa katika siku tofauti. Watafiti walieleza kwamba watoto waliokuwa kimya kwa muda mrefu walianza kusema darasani. Njia hiyo ya kukata na kuunga imetumika pia kwa wanafunzi wenye kigugumizi. Mazungumzo yao yalirekodiwa, sehemu walizokwama zikaondolewa, wakajisikia wakizungumza kwa mtiririko, na kigugumizi kikapungua.

Msomaji makini atauliza kama huu si uongo. Nimelifikiria swali hili, na jibu langu ni kwamba si uongo, mradi mpaka mmoja uheshimiwe. Sauti ni ya mtoto. Majibu ni yake. Darasa ni lake na mwalimu ni wake. Kilichobadilishwa ni mpangilio, yaani vitu viwili vya kweli vimekutanishwa kabla ya maisha yenyewe kuvikutanisha. Uongo ungeanza siku ambayo angewekewa sauti ya mtoto mwingine, au angeonyeshwa akifanya jambo ambalo mwili wake hauna namna ya kulifikia. Hapo video ingekuwa ahadi ya kitapeli, na mtoto angeligundua hilo kabla yetu.

Mpaka huo una uzito zaidi sasa, wakati akili mnemba inaweza kukutengenezea sura yako ikikimbia mbio ambazo hujawahi kukimbia. Sitasema kwamba sura za kutengenezwa hazina nguvu. Mwaka 2009 Jesse Fox na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio ambamo watu walivaa miwani ya uhalisia pepe na kuona pacha wao wa kompyuta. Waliomwona pacha mwenye sura yao akikimbia walifanya mazoezi zaidi katika saa 24 zilizofuata kuliko waliomwona amesimama tu, au waliomwona mtu mwingine akikimbia. Hata hivyo, kwa tabia inayotakiwa idumu, mimi ningechagua picha halisi, hata kama imetikisika na mwanga wake ni hafifu. Ukiitazama unajua kwamba mguu ule ulikuwa wako, na kwamba siku ile uliunyanyua.

Fedheha haifundishi

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Sisi tumelelewa katika imani kwamba mkosaji hajioni. Nyani haoni kundule, twasema, na dawa tunayoijua ni kumgeuzia kioo. Mwanafunzi mchelewaji anasimamishwa mstarini mbele ya shule nzima. Mtoto anayekojoa kitandani anaimbiwa kikojozi na watoto wa mtaa. Mlevi aliyelala mtaroni anarekodiwa kwa simu, na picha zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo kabla hajaamka, kila anayezituma akisema anamsaidia ndugu yake ajione. Simu ambayo ingemsaidia kusimama ndiyo inayomzika.

Jambo hili lilijaribiwa kitaalamu, tena na watu wenye nia njema. Miaka ya 1960 na 1970 baadhi ya hospitali za Marekani ziliwarekodi wagonjwa wa ulevi wakiwa wamelewa, kisha zikawaonyesha mikanda hiyo wakiwa timamu. Tarajio lilikuwa kwamba wakijiona watashtuka na kuacha. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1971 na Halmuth Schaefer na wenzake haikuleta faraja. Kujiona wakiwa katika hali ile kuliwatia wagonjwa msongo mkubwa, na hakukuwafanya wawe watu wa kiasi.

Sababu haiko mbali. Mtu anayejitahidi kuacha jambo mara nyingi anayajua makosa yake kuliko wanaomsema. Usiku anayarudia kichwani moja baada ya jingine. Ukimwonyesha tena, humwongezei maarifa. Unampa ushahidi mpya wa kile anachokiogopa, kwamba yeye ndivyo alivyo na hatabadilika. Kitu asichonacho, na ambacho hawezi kujipatia peke yake, ni picha iliyo wazi ya yeye mwenyewe akifaulu.

Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Stanford kwa miongo mingi hadi akawa miongoni mwa wanasaikolojia wanaonukuliwa zaidi duniani, aliujengea ukweli huu nadharia. Mwaka 1961 yeye na wenzake walionyesha kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupuliziwa hewa nao walimpiga vile vile. Binadamu hujifunza kwa kutazama. Mwaka 1977 alikwenda mbele zaidi, akaeleza kwamba mtu hujaribu na kuvumilia kwa kiasi anachoamini kuwa jambo analiweza. Imani hiyo, alisema Bandura, hupatikana kwa njia 4, nazo ni kufaulu mwenyewe, kumwona mwingine akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili wakati wa kutenda. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kujiiga kunazishika mbili za mwanzo kwa mkono mmoja, maana unayemtazama akifaulu ni wewe.

Kutazama wengine nako kuna matunda yake, na Afrika Mashariki tunaye shahidi mkubwa. Julius Yego, kijana wa Nandi nchini Kenya, alijifunza kurusha mkuki kwa kuangalia video za mabingwa wa Ulaya kwenye YouTube, katika nchi ambayo macho yote yalikuwa kwa wakimbiaji. Mwaka 2015 jijini Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mtupo wa mita 92.72, na mwaka uliofuata akachukua medali ya fedha ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Lakini Yego alikuwa na mwili na moyo wa mwanariadha tayari. Mama mwenye miaka 50 aliyeambiwa na daktari atembee kila asubuhi hawezi kufaidi sana video ya binti wa miaka 22 anayekimbia ufukweni na nguo za mazoezi za bei kubwa. Anaangalia, anasifu, kisha anasema moyoni, yule ni yule na mimi ni mimi. Kielelezo kikifanana na mtazamaji, kizuizi hicho hupungua. Mama huyo akijiona mwenyewe, na kanga yake kiunoni, kwenye njia ya mtaa wake, kizuizi hakipo tena.

Kuitengeneza

Kwa mtu mzima anayetaka kubadili zoea, kazi ngumu iko kabla ya kurekodi. Ni kuamua kitakachoonekana. Watu wengi hueleza tatizo lao kwa kukana. Sitaki kuvuta sigara, sitaki kuwafokea watoto, nataka niache kulala na simu mkononi. Kamera haiwezi kurekodi kutofanya. Haiwezi kuonyesha mtu asiyevuta sigara, kwa sababu hata aliyelala usingizi havuti. Itaonyesha tu mikono inafanya nini badala yake, miguu inaelekea wapi, na mdomo unasema nini. Kwa maoni yangu, hata mtu asiporekodi chochote, kulazimika kujibu swali hilo kunamsaidia kuliko ahadi za mwaka mpya.

Tuseme ni mfanyakazi anayeshuka daladala saa 12 jioni, na kati ya kituo na nyumbani kwake kuna baa. Kila asubuhi anaapa, na kila jioni anapita kwa bia moja ambayo huzaa nyingine. Video yake haina haja ya kumwonyesha akiwa mcha Mungu wala tajiri. Ianzie mlangoni mwa daladala, kwa sababu hapo ndipo zoea linapoamka. Inamwonyesha akishuka. Inamwonyesha akifika kwenye kona, muziki wa baa ukisikika kabisa, rafiki mmoja akimpungia mkono kwa mbali. Anajibu salamu kwa mkono, anakata kulia kuelekea gengeni, ananunua machungwa, anatembea na mfuko wake hadi mlangoni kwake, anabisha hodi. Basi. Dakika mbili zinatosha, tatu ni nyingi. Mwenzake anayemwamini anaweza kumrekodi jioni moja, na kama alisita pale kwenye kona, kusita huko kunakatwa.

Muziki wa baa na mkono wa rafiki visiondolewe. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer wa Ujerumani ameonyesha kwa miaka mingi kwamba nia isiyo na mahali wala wakati ni dhaifu, na kwamba mtu hufaulu zaidi akishajipangia kuwa likitokea hili nitafanya lile. Video nzuri ni mpango wa namna hiyo uliotiwa picha. Ikianzia nyumbani, mtu akiwa tayari ameketi na machungwa yake, imeruka mahali pa hatari penyewe, na kesho yake jioni akifika kwenye kona hatakuwa na cha kuiga.

Nimetoa mfano wa pombe, kwa hiyo lazima niseme wazi. Aliyezoea kunywa kiasi kikubwa kila siku, ambaye akikosa hutetemeka na kutoka jasho, asiache ghafla kwa kutegemea video. Mwili wake unaweza kupata degedege. Huyo anahitaji daktari kwanza, na video ije baadaye.

Kosa jingine ninaloliona kwa watu wenye shauku ni kurekodi zawadi na kuiacha kazi. Mtu anataka kupungua uzito, basi anajitengenezea picha akiwa mwembamba, amevaa gauni analolitamani, watu wakimshangilia. Utafiti unaonya dhidi ya hilo. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen na Thomas Wadden waliandika kuhusu wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliotarajia kwamba watafaulu walipungua zaidi, lakini waliojichorea ndoto tamu za mafanikio walipungua kidogo kuliko wenzao. Ndoto ilikuwa imewashibisha kabla ya safari. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor, wakifanya kazi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaomba baadhi wajione kichwani wakisoma kwa ajili ya mtihani, na wengine wajione wakifurahia alama nzuri. Waliojiona wakisoma walijiandaa vizuri zaidi na wakapata alama za juu. Kwa hiyo mama wa matembezi ya asubuhi ajirekodi akivaa viatu, akifungua mlango kabla jua halijapanda, akipita kwa jirani, akirudi na jasho. Gauni libaki kabatini.

Njia hii inafaa pia kwa mambo yanayotendeka ndani ya nyumba, ambayo huumiza zaidi na kusemwa kidogo. Mzazi anayepandisha sauti kila mtoto anapokosea hesabu anaweza kurekodi jioni moja anapokuwa mtulivu, akivuta kiti, akiketi pembeni badala ya kusimama juu ya kichwa cha mtoto, akisema hebu tuanze upya. Mwanakikundi wa vicoba ambaye koo humkauka akitakiwa kusoma hesabu mbele ya wenzake anaweza kujirekodi akisoma mbele ya watu 2 anaowazoea, kisha akaunga sehemu alizosoma vizuri. Kuna vijana wenye pumu wanaoona haya kutumia pampu mbele za watu. Rekodi fupi ya kijana akiitoa, akiitikisa, akivuta inavyotakiwa na kuendelea na mazungumzo inaweza kumwondolea aibu ambayo maelezo ya kliniki hayakuigusa.

Mara ya kwanza kujitazama ni kazi. Sauti itasikika ngeni, kwa sababu kila siku mtu huisikia sauti yake kupitia mifupa ya kichwa pamoja na hewa, lakini kwenye rekodi huisikia kupitia hewa tu. Macho yatakwenda kwenye tumbo, kwenye meno, kwenye shati. Acha yaende. Tazama mara moja kwa ajili ya kuyamaliza hayo, kisha rudi kwa ajili ya tendo. Baada ya hapo tazama wakati ulio karibu na tendo lenyewe. Mtu wa daladala aangalie akiwa njiani kurudi, na mama wa matembezi aangalie usiku kabla ya kulala. Video ikishakuwa kwenye simu haitaki bando.

Wasiokuwa wewe

Tafiti nyingi za kujiiga zilihusu watu wachache, mara nyingine mtoto mmoja tu anayefuatiliwa kwa karibu. Mwaka 2007 Scott Bellini na Jennifer Akullian walizikusanya tafiti 23 za kutumia video kuwafundisha watoto na vijana wenye usonji, zikiwemo za kujiiga. Zote kwa pamoja zilikuwa na washiriki 73. Matokeo yalikuwa mazuri, na stadi walizojifunza watoto zilidumu. Upande wa michezo habari ni mchanganyiko, wengine walipanda na wengine walibaki walipokuwa. Sioni kwamba hilo linatosha kuiweka mbinu kando. Kujaribu ni bure, na anayejaribu kwa utulivu kwenye simu yake hamdhuru mtu.

Hatari iko kwingine, kwenye njia ambayo video hizi zinaweza kupita. Rekodi ya mtoto asiyesema darasani ni taarifa ya afya yake. Ikitumwa kwenye grupu la wazazi, hata kwa kusifu, imekuwa mzigo atakaoubeba hadi sekondari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kabla ya sheria kuna adabu ya kawaida. Mtoto aulizwe kama anataka kurekodiwa, mzazi akubali, mwalimu asibaki na nakala, na wenzake wasionekane bila ruhusa. Akisema hataki, mazungumzo yaishie hapo hadi atakapotaka. Mbinu hii inaishi kwa kuaminiana, na mtoto aliyewahi kuchekwa kwa sababu ya picha hataiamini kamera ya mtu mzima tena.

Kwa watu wazima ushauri ni huo huo, kwa ukali zaidi kwa wanandoa. Mke asimrekodi mumewe kwa siri ili kumrekebisha, wala mume asimfanyie mkewe hivyo. Anayebadilika ndiye mwenye video, ndiye anayechagua kipande kipi kibaki, na ndiye anayeifuta.

Limebaki suala la muda. Video za namna hii kwa kawaida hutazamwa mara kadhaa ndani ya wiki mbili hivi, na mabadiliko yakiwepo huanza kuonekana mapema. Hata hivyo tendo kuanza na tendo kuwa zoea ni vitu viwili. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojichagulia jambo dogo la kufanya kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, makadirio ya muda wa jambo kujiendea lenyewe yalikuwa siku 66 kwa mtu wa katikati. Aliyewahi zaidi alichukua siku 18, na kwa aliyechelewa zaidi hesabu ilifika siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo video ni ya kuwasha moto, na kuni zinatoka kwenye kurudia.

Ikiwa wiki mbili zimepita na hakuna kilichosogea, usianze kujilaumu. Irudie video yenyewe uichunguze. Mara nyingi utakuta kipande kilichochaguliwa ni kikubwa mno, au kimeanzia mbali na pale unapokwama. Mama aliyejirekodi akitembea kilomita 3, na bado kila asubuhi anabaki kitandani, hana tatizo la kutembea. Tatizo lake ni blanketi. Arekodi upya sekunde 40 tu, kengele ya simu ikilia, mkono ukilisukuma blanketi, miguu ikigusa sakafu, mwili ukisimama. Hiyo ndiyo aiangalie usiku, na ile ya kilomita 3 aihifadhi hadi itakapohitajika.